Tawi Lililolazwa Njiani

Mpendwa Baba Sauda,

Mwanao amekimbia sasa hivi. Sisemi ametembea. Kutembea alianza zamani, wakati wa palizi, wala hukuuliza. Leo amekimbia. Kuku wa mama yako alichomoka jikoni na donge la ugali mdomoni, Sauda akatoka nyuma yake, kifua mbele, vidole vimeachana kama mtu anayetaka kushika upepo. Akajikwaa kwenye kinu, akaenda chini kifudifudi. Nikasubiri kilio. Hakulia. Aliinuka, akapangusa mikono tumboni, akanitazama huku anacheka kwa ule mdomo wako unaokwenda upande. Halafu akaendelea na kuku wake.

Nilitaka kucheka na mimi. Badala yake niliingia ndani nikatafuta kalamu.

Ningekuandikia salamu nyingi kama tulivyofundishwa shuleni, kwamba sisi wazima, hofu na mashaka ni juu yako. Wazima tupo. Hofu juu yako nilikuwa nayo, imekwisha. Anwani yako sina, kwa hiyo barua hii naiacha wazi kwa mama yako. Yeye hajui kusoma, atamwomba kila anayepita amsomee, na kijiji kizima cha Kwamsisi kitasikia. Waisikie tu. Maneno yako wewe waliyasikia wote pale dukani.

Kabla ya hayo nataka ukumbuke njia ya kwetu. Pengine umeisahau.

Wewe ulikuwa mkata mkonge kule Mazinde, na mimi nilikuwa nateremka kutoka milimani siku za soko na tenga langu la kabichi na viazi. Ilitangazwa kwamba sikukuu ya Uhuru kutakuwa na mbio, kutoka sokoni mpaka uwanja wa shule kwetu juu, na kurudi. Kila mtu apite njia aitakayo. Ukaanza kufanya mazoezi. Siku moja nilikuwa napanda kurudi nyumbani, nimeshamaliza yale mawe yanayochomwa na jua, nimeingia msituni kwenye baridi, nikasikia mtu anakohoa upande wa wapasua mbao. Nikakuta kijana amekaa juu ya gogo, kaptula imechanika, viatu ameshika mkononi.

"Dada, samahani. Hii njia inakwenda wapi?"

"Haiendi. Kwani hukuona tawi?"

"Nimeliona. Si ndilo nililolifuata? Nimeyafuata yote, kila nilipoliona nikasema, aha, wenyeji wameniwekea alama."

Nilitua tenga nikacheka mpaka nikakaa chini. Sisi kwetu, anayetangulia msituni akifika penye njia mbili hulaza tawi bichi kwenye njia ambayo hakupita, ili wanaomfuata wasipotee. Tawi maana yake usipite hapa. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kufunga nguo.

"Kwenu Uzigua tawi likilazwa njiani mnalipita juu?" nikakuuliza.

"Kwetu tawi likilazwa njiani linaliwa na mbuzi."

Hapo ndipo uliponipata, Baba Sauda. Wala si kwa miguu yako. Kwa huyo mbuzi.

Tulipokuwa tunatoka ukauliza, "Na likikauka je?" Nikakuambia likikauka halina neno tena. Aliyelilaza ameshafika zamani, mwenye miguu apite. Ukaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi.

Tangu siku hiyo ukawa unanisubiri pale mkonge unapoishia. Ulikuwa na nguvu, sikatai. Lakini ulikuwa unakimbia mlima kama unavyokimbia Handeni, kama ardhi yote ni sinia. Unapiga mguu chini kwa hasira, mlima unakurudisha. Nani alikuambia mguu usipige, uguse? Nani alikuonyesha mizizi ya kushika na mizizi inayoteleza, na kwamba ukiteremka usikaze magoti, na jicho lisikae kwenye mguu ulipo bali pale utakapofika? Ukungu ulipotufunika kule juu, ukashikwa na hofu, ukataka turudi. Nikakwambia nyamaza usikilize maji. Maji yakiwa mkono wa kushoto, tuko njiani. Tukapita tumeshikana mikono, mbega wananguruma juu ya miti, na wewe unanong'ona, "Hao wanakula watu?" Mwanamume mzima.

Na mimi nilikuwa na tenga kichwani, ukumbuke.

Siku ya mbio nilipanda alfajiri na wanawake wenzangu kupeleka maji shuleni. Nilikuwa wa mbele, nikalaza matawi kama tunavyolaza siku zote. Wakimbiaji wa bondeni walipofika wakafanya lile lile ulilolifanya wewe, wakaona tawi wakashukuru, wakateremka wote kwa wapasua mbao. Wale wazee wa msumeno walisimulia mwaka mzima, jinsi vijana wenye kaptula nyeupe walivyotokea msituni mmoja mmoja, kila mmoja anasema "Shikamooni, uwanja uko wapi?" Wewe ulipita palipo wazi. Uliponifikia hukusimama, ulitupa tu Kishambaa nilichokufundisha, "Onga makeo!" Watu wakaanguka kwa kicheko, maana hiyo ni salamu ya asubuhi na jua lilikuwa utosini. Nilicheka na mimi, lakini machozi yalinitoka. Nilijua moyo wangu umeshakwenda nawe.

Ulishinda. Zawadi ilikuwa jembe jipya na shati. Shati ukavaa, jembe ukalileta kwa baba yangu pamoja na mbuzi. Baba akalipima kwa kidole, akasema, "Huyu Mzigua anajua kukimbia, je anajua kukaa?" Wote tukacheka. Nilidhani ni mzaha.

Ukanileta huku. Tukakuta watu wanahamia kijijini, nyumba zimepangwa mstari kama meno, na kipande cha reli kinagongwa asubuhi twende shamba la kijiji. Sikulalamika. Nilipenda, kusema kweli. Niliona tumeanza wote siku moja, hakuna mgeni wala mwenyeji, nchi yetu, shule inajengwa, hata mimi wa darasa la nne nikaambiwa naweza kuwafundisha akina mama herufi. Jambo lililonishinda ni maji. Kwetu maji yanakufuata kila unakokwenda, huku unayafuata wewe mpaka lamboni, na ukirudi ni tope. Mama yako alinitazama nikirudi na ndoo akasema, "Mpanda milima huyu, tambarare itamuua." Mwaka ule wa ukame tulikula unga wa njano wa msaada, na wewe ulikuwa unakimbia kila asubuhi na tumbo tupu, na mimi nilikuwa nakuwekea uji wangu nikisema nimeshakunywa.

Halafu wakaja wale mabwana wa michezo wakakupeleka kambini. Sauda alikuwa bado anakalishwa kwa mto. Ulisema, "Mavuno hayafiki nitakuwa nimerudi." Mavuno yalifika. Yakafika mengine. Salamu moja ikaja kwa mdomo wa dereva, basi. Wapo wanaosema umeoa huko. Hilo siliandiki, sijaliona.

Ninaloliandika ni lile nililolisikia kwa masikio yangu. Redio ya duka la kijiji, jioni, watu wamejaa mpaka barazani. Wakataja jina lako, umewashinda watu mlimani huko ulikopelekwa. Kijiji kikapiga vigelegele, wakanisukuma mbele na Sauda mgongoni. "Mpisheni mwenye mali!" Mtangazaji akakuuliza, "Bwana, wewe ni mtu wa Handeni, nchi kavu. Milima ulifundishwa na nani?"

Nilimshusha Sauda mgongoni nikamshika mbele, asikie.

Ukasema, "Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe, peke yangu."

Kisha yule fundi baiskeli, unamjua mdomo wake, akasema, "Shemeji, kumbe jina lako ni Peke Yangu!" Wakacheka. Sikuwalaumu, hata mimi ningecheka. Mpaka leo lamboni wananiita hivyo. "Peke Yangu, sogeza ndoo yako." Nasogeza.

Ungesema umefundishwa na wapasua mbao. Ungesema na mbega. Ungesema kuna msichana mmoja wa kule, jina limenitoka. Ningeishi na hilo miaka. Nimekaa na ukimya wako, nimekaa na njaa yako na yangu, lakini neno hilo limekaa kwenye koo langu kama mwiba wa mkonge, na kila Sauda anapocheka kwa mdomo wako linachoma upya.

Kwa hiyo nakwenda kwetu. Leo. Lori la kijiji linapeleka mahindi Korogwe, dereva amekubali kutupakia, na kutoka Korogwe nitapata basi mpaka Mazinde. Aliyeniambia niende ni mama yako. Ndiyo, yeye. Alinikuta nimeinama na ndoo akaniambia, "Mwanangu, huyu nimemzaa mimi na sijamweza. Wewe nenda, usije ukakauka hapa ukimsubiri mtoto wangu." Amenifungia viazi vitamu vya njiani na analia jikoni akidhani simsikii. Honi imeshalia mara moja.

Usidhani nakwenda kufa. Nitampandisha Sauda ile njia kwa miguu, akichoka nitambeba. Nitamwonyesha mizizi. Nitamfundisha kusikiliza maji. Akikua atakimbia kule, kwa sketi yake ya shule, na siku akiulizwa nani alimfundisha, atakuwa na jina la kutaja. Hilo nimelipania.

Na nikifika pale msitu unapoanza, penye njia mbili, nitakata tawi bichi nililaze kwenye njia ya kwetu. Ukija, utaliona. Sasa unajua maana yake, huwezi kusema wenyeji wamekuwekea alama. Usipite hapo. Rudi kwa hao wa redio.

Mtunze mama yako kama umekumbuka anaishi wapi.

Ni mimi niliyekutangulia njiani,
Mama Sauda.

Nilikuwa nimeshakunja karatasi, nimeikunjua tena. Mwanao amesimama mlangoni, amemshika yule kuku kwa mkia, ananionyesha. Amempata kweli. Ungemwona. Honi inalia na mama anaita, "Mama Sauda, gari hilo!" Nakwenda, lakini lile tawi, Baba Sauda, usije ukasema sikukuambia, lile tawi likishakauka