Kabla ya Mechi na Sidai

Chuo cha Ualimu Qaymanda,
Karatu.
Jumapili, 18 Julai 1982

Kaka yangu mpendwa Patrisi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipata Jumatano kwa mkono wa kondakta wa basi la Mbulu, ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya gazeti pamoja na karanga alizonitumia shemeji Hyasinta. Nilifurahi sana kusikia kwamba kikohozi cha Baba kimemwacha, na kwamba mtoto ameanza kukaa bila kushikiliwa. Mpeni pole Mama kwa habari ya yule ng'ombe aliyetumbukia korongoni. Mimi mwili wangu ni mzima. Huku ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi, na wiki hii nzima tumefua nguo kwa maji matupu kwa kuwa sabuni haipatikani dukani wala kwa ulanguzi.

Uliniambia kwamba Baba amekubali kupanda basi kutoka Dongobesh aje kuona mechi yetu ya Jumamosi, kwa sababu hajawahi kuniona nikicheza. Ukataka nikueleze timu zote mbili zilivyo, ili umsimulie njiani asije akakaa uwanjani kama mgeni. Nitakueleza. Ila nakuomba, kaka, uisome barua hii peke yako hadi mwisho kabla hujamsomea.

Hii ni fainali ya vyuo vya kanda yetu, sisi na Chuo cha Kilimo Sidai. Unajua mwenyewe habari za Sidai. Wametufunga miaka mitatu mfululizo, na mwaka jana walipoondoka na kikombe walikifunga kwenye bomba la moshi la trekta lao, wakapita nacho katikati ya mji wa Karatu wakiimba. Hapa chuoni hakuna anayesahau jambo lile. Jumatatu asubuhi Mwalimu Piusi, anayetufundisha mpira, alitusomea matokeo ya fainali ya Kombe la Dunia aliyoyapata redioni usiku, na kabla chai haijapoa watu walikuwa wameshaiacha dunia na kurudi kubishana kuhusu Sidai.

Wao nguvu yao iko nyuma. Golikipa wao anaitwa Clemensi, ni mrefu kama mlango wa kanisa, na mpira wa juu haumpiti. Mabeki wao ni wazito lakini hawachoki, maana chuo chao ni cha majembe. Mbele wana winga wa kushoto, Tobiko, mwembamba, mwenye mbio za ajabu, ambaye hupenda kuukokota mpira mpaka kwenye kibendera cha kona ndipo aumimine golini. Mwaka jana alinipita mara mbili kwa namna hiyo hiyo, na mara zote mbili likawa goli.

Sisi nikianza kukueleza nitakasirika upya. Mpira tulio nao ni mmoja, na kibofu chake kimezibwa viraka vitatu. Ukiupiga kwa nguvu unapinda wenyewe hewani. Viatu ni jozi saba kwa wachezaji kumi na mmoja. Uwanja unajua ulivyo, umeinamia upande wa mashamba ya ngano, na fuko wamefukua vichuguu katikati kiasi kwamba juzi Senteu, winga wetu wa kulia, alivunjika kidole cha mguu bila kuguswa na mtu. Kamati ya kanda imebadilisha tarehe mara mbili, kisa uhaba wa dizeli. Mwalimu Piusi naye amesoma mahali fulani juu ya mfumo wa watu wanne mbele, na ametumia siku tatu kutuchorea mishale ubaoni wakati hatuna hata watu watatu wa kukaa mbele. Nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba mimi kepteni kazi yangu ni kucheza.

Lakini tatizo kubwa, ambalo kila mtu hapa analilia, ni Kasaine. Nimewahi kukutajia: kijana wa Enguserosambu, huko Loliondo, namba tisa wetu, ambaye kitanda chake kiko jirani na changu. Mwaka huu katika mechi tano amefunga magoli manane. Si kwamba ana nguvu sana. Anajua tu kusimama pale ambapo mpira utafika, na akiupata hana haraka. Bila yeye tusingeingia fainali. Na tangu tarehe nane mwezi huu amesimamishwa masomo na michezo, na Ijumaa bodi ya nidhamu imependekeza afukuzwe chuo kwa utoro wa siku kumi na nane. Angekuwa mwalimu wa kwanza kutoka bomani kwao.

Juma zima nimewalaumu watu. Nimemlaumu Mkuu wa Chuo kwa kushika sheria kuliko akili. Nimeilaumu bodi, nikamlaumu Mwalimu Piusi kwa kunyamaza, nikailaumu kamati kwa kusogeza tarehe. Wanafunzi wenzangu wamenisikiliza na kunipigia makofi. Sasa nitakuambia ukweli, kaka, na ninakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyenifundisha kuandika.

Jumatatu ya tarehe kumi na nne Juni, jioni, dereva wa lori alimletea Kasaine karatasi iliyoandikwa na katekista wa kwao, Yohana. Ilisema baba yake ni mgonjwa sana, hali chakula, na anamwita. Kasaine aliandika barua ya kuomba ruhusa. Hapa mwanafunzi hapeleki barua yake mwenyewe ofisini. Huipitisha kwa mwenyekiti wa bweni, na mwenyekiti wa bweni letu ni mimi. Jumanne asubuhi akanikabidhi. Lori lilikuwa linarudi Wasso, upande wa kwao, siku hiyo hiyo saa sita, na alikuwa amekwisha kumwomba dereva nafasi.

Jumamosi ya wiki ile tulikuwa na nusu fainali. Nilitembea na ile barua hadi karibu na ofisi. Mlango ulikuwa wazi, na karani, Mama Marsela, alikuwa anapiga taipu. Nikasimama. Nikawaza kwamba wazee wa kule huugua na kupona, kwamba siku nne si nyingi, kwamba bila Kasaine hatuwezi kitu. Nikageuka nikarudi bwenini, nikaiweka chini ya godoro langu.

Lori liliondoka. Jioni Kasaine akaniuliza, nikamwambia Mkuu bado anaifikiria. Jumatano akauliza tena, nikamjibu vilevile. Alhamisi hakuuliza, alinitazama tu tulipokuwa tunafunga kamba za viatu, nami nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayeshirikiana naye. Jumamosi alicheza. Alifunga magoli yote mawili, tukashinda mawili kwa moja, wakambeba mabegani kuzunguka uwanja, na mimi nilikuwa mmoja wa waliombeba. Jumapili baada ya misa nikamwambia aende tu, kwamba barua iko ofisini na cheti cha ruhusa kitafuata. Alinishukuru, akachukua shuka lake, akaenda barabarani kusubiri gari.

Alifika kwao Jumanne. Baba yake alikuwa amefariki Jumamosi asubuhi, na walikuwa wamekwisha kumzika. Mama yake alimwambia kwamba mzee alikaa siku mbili za mwisho akiwa ameelekezwa mlangoni, na kila mbwa alipobweka aliuliza kama ni Kasaine.

Alipomaliza mambo ya msiba na ya mifugo akarudi, na Mkuu akamuuliza ruhusa yake iko wapi. Akasema alinipa mimi. Nikaitwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema, kaka, nilikuwa nimesimama mbele ya meza, hakuna mtu mwingine mle ndani. Nikasema niliiweka kwenye meza ya karani. Mama Marsela, ambaye amefanya kazi pale miaka kumi na moja bila kupoteza hata bahasha, aliandikiwa barua ya onyo. Nilimwona akiisoma amesimama, halafu akaikunja na kuendelea kupiga taipu.

Jana, baada ya mazoezi, nilimkuta Kasaine anapanga vitu vyake kwenye sanduku la bati. Alikuwa ametandua kitanda. Nikasimama pale, na yeye ndiye aliyeanza kusema. Aliniambia kwa sauti yake ile ya taratibu, "Nimesikia ulivyogombana na watu kwa ajili yangu wiki hii. Wengine wote wamenyamaza. Nitakapofika nyumbani nitamwambia mama yangu kwamba nilikuwa na ndugu huku."

Sikuweza kulibeba neno hilo. Niliinua godoro nikaitoa barua yake, nikamwekea juu ya sanduku. Hakuishika. Aliutambua mwandiko wake. Akakaa kitandani, kwenye mbao tupu. Halafu akaniuliza.

"Siku ya mechi barua hii ilikuwa wapi?"

Nikamwambia ilikuwa hapo hapo chini ya godoro.

"Na Jumanne, lori lilipokuwa linaondoka?"

Nikamwambia vilevile. Nikaanza kueleza, nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono wake nikanyamaza. Nilitaka anipige, kaka. Ingekuwa nafuu. Alisema, "Mimi utanikuta bado nipo hapa. Kamwone kwanza yule mama wa ofisini. Yeye umemharibia jina, naye hata hakumjua baba yangu."

Nilikwenda nyumbani kwa Mama Marsela, nyuma ya ghala la mahindi. Alikuwa anachambua maharage. Nilimweleza nimesimama, na aliendelea kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha aliniambia kwamba usiku baada ya kupewa onyo alikuwa amepekua kila faili pale ofisini kwa taa ya chemli, kwa sababu alianza kudhani labda anazeeka. Alivaa kandambili zake, akafunga kanga, akanitangulia kwenda kwa Mkuu, na mimi nikafuata.

Mkuu alisikiliza. Aliitazama barua, akatazama tarehe yake, akaiweka chini kama kitu kinachoweza kuvunjika. Leo asubuhi baada ya misa aliiita bodi tena, nami nikarudia yote mbele yao. Kasaine amerudishiwa masomo yake. Onyo la Mama Marsela limefutwa, na Mkuu amemwomba radhi mbele ya walimu. Mimi nimevuliwa ukepteni na uenyekiti wa bweni, sitacheza Jumamosi, na nimesimamishwa chuo mpaka muhula wa Januari. Ninatakiwa kuondoka kwa basi la Alhamisi. Mmoja wa wajumbe alitaka nifukuzwe kabisa. Nimeambiwa kwamba Kasaine alipoulizwa na bodi anataka nifanywe nini, alijibu kwamba yeye hakuja kuhukumu watu, alikuja kusomea ualimu.

Basi uliniuliza nani atashinda. Sijui. Nafasi yangu ya namba tano atacheza kijana wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kumwona Tobiko akikimbia. Mwalimu Piusi amemwomba Kasaine avae namba tisa, naye amesema atampa jibu siku ya mechi yenyewe, asiulizwe kabla. Wenzangu wengi hawasemi nami. Wengine wanasema nami, na hao ndio wananiumiza zaidi, maana wananiambia chini kwa chini kwamba nilifanya kwa ajili ya chuo, na kwamba kila kepteni angefanya hivyo. Siku zile nne nilikuwa najiambia maneno hayo hayo. Kikombe kile, tukikipata au tukikikosa, sitaki kukiona kimefungwa kwenye trekta la mtu yeyote.

Ninakasirika bado, kaka. Nikipita uwanjani nikiona vile vichuguu vya fuko, moyo unataka kulaumu tena. Kila mara nakuta mkono niliokuwa nawanyooshea wengine unarudi kwangu.

Msimruhusu Baba apande basi Jumamosi. Nitakuwa nimefika nyumbani Alhamisi jioni, Mungu akipenda, na nitamweleza mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikiwa nimeketi mbele yake. Msalimie shemeji Hyasinta, umwambie karanga zilifika zikiwa kavu. Mbusu mtoto. Mama mwambie sijambo, na asinipikie chochote cha pekee. Majirani wote wanaoniulizia wape salamu zangu.

Kuna jambo moja tu ninalokuomba, na naliomba kama mdogo wako. Mkuu wa Chuo amemwandikia Baba, na barua hiyo itapakiwa kwenye basi la kesho pamoja na hii, kwa hiyo itanitangulia. Itapita mikononi mwako kwa kuwa wewe ndiye unayemsomea. Utaona aibu kwa ajili yangu, na utatamani kuiweka mpaka nifike. Usiizuie, kaka. Msomee Baba siku hiyo hiyo.

Ni mimi mdogo wako,
Martini Tluway