Kilomita Nilizokimbia Kitini

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani
Jumamosi, tarehe 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Umeshaenda kwa daktari, au bado unajikanda mwenyewe? Sisi wazima. Mtoto anaota jino, kwa hiyo usingizi nausikia kwa majirani tu.

Mzigo wako ulifika, Shangazi, na furaha niliyo nayo haielezeki. Kile kidude cha kupima mbio nimekifunga kwenye kamba za raba ya kulia, na kicheza muziki nimekivaa mkononi. Nikikimbia, muziki unashuka kidogo, bibi mmoja wa humo ndani ananiambia masikioni nimefika wapi. Baba mtoto anasema sasa nyumba ina wanawake wawili, na huyu mgeni angalau hagombi.

Sasa sikia aibu yangu. Kiwandani kwetu, kwenye mikate, walikuwa wanatafuta mwanamke wa nne wa kikosi cha mbio. Sharti ni kukimbia kilomita tano bila kusimama, na majina yalikuwa yafungwe jana Ijumaa. Mimi tangu nijifungue wananiita Mama Polepole. Basi Jumatatu nikatoka kukimbia, nikarudi nikamkuta mtoto analia, nikambembeleza kwanza. Kuja kuangalia: kilomita tano na nusu. Kesho yake nikamwonyesha mama wa tanuri, ndiye nahodha, akaniandika. Nilitembea siku hiyo kama nimeshavishwa medali.

Jumatano nimekaa kitini, raba miguuni, muziki masikioni, nasukuma kitanda cha bembea cha mtoto kwa mguu wa kulia. Bibi akasema: kilomita moja. Nimekaa, Shangazi. Nikaelewa zile za Jumatatu zilitoka wapi.

Baba mtoto alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema ninyamaze, jina limeshaandikwa, nani atajua?

"Mguu wangu unajua," nikamwambia.

Alhamisi nikamweleza nahodha kila kitu. Akasema, "Haya, kesho alfajiri mimi na wewe. Mtoto abaki kwa baba yake."

Tukakimbia. Kwenye ya nne miguu iligoma. Nikaruka nyimbo zote hadi ule wa mwisho, ule uliojirekodi mwenyewe ukiimba huku unaosha vyombo. Sauti yako inakwaruza, Shangazi, nisamehe, lakini miguu ilikutii. Ukiwa katikati ya ubeti, bibi akakukatiza: kilomita tano. Nahodha hakulifuta jina langu.

Siku hizi kabla ya kubembeleza navua raba.

Msalimie mjomba dereva na wale mapacha. Kwa daktari uende wiki hii, sitaki visingizio. Mungu akunyooshee mgongo na akurudishe kwetu salama.

Mwanao akupendaye sana,
aliyekuwa Mama Polepole