Mhubiri Anataka Kunikata Pete za Ndoa Mguuni

Bwana Mshauri mpendwa, nisaidie upesi maana naogopa na sina mwingine wa kumwuliza. Mimi ni Bosibori, naishi karibu na Keumbu, mume wangu Onchiri yuko vitani Burma mwaka wa pili sasa, na miguuni nina ebitinge, zile pete za chuma ambazo mke wa Kigusii huvishwa siku ya ndoa na hazitolewi ila mume akifa, sasa mhubiri wetu Zachariah, aliyeacha misheni akajenga kanisa lake Birongo, anasema mwanamke akiingia maji ya ubatizo na chuma hicho mumewe hatarudi, na Jumapili atakuja na tupa ya kukatia chuma anikate, naye mama mkwe anasema nikikatwa nimemzika mwanawe akiwa hai, na si maneno matupu, kwa sababu jirani yangu Nyanchera alikatwa zake, wiki ya pili barua ya serikali ikaja kwamba mumewe ameuawa, karani wa chifu akamsomea habari hiyo tu, akamwachia barua akaenda zake, tangu hapo Nyanchera hali chakula, mama mkwe anasema mmeona, Zachariah anasema alichelewa kutii. Nilimwomba Zachariah anionyeshe mstari, maana Onchiri alinifundisha kusoma, nami nimeutafuta katika Agano Jipya sikuuona, akasema mbele ya watu kwamba Roho hadaiwi mstari na anayeuliza ana nyoka ndani. Nikikataa naogopa, nikikubali naogopa. Je, hili ni kanisa la Mungu au la Zachariah?

Bosibori, Keumbu

Pole, binti. Lakini nitakugombeza kidogo, maana jibu unalo. Umetafuta mstari ukaukosa. Mbona unatetemeka mbele ya mtu ambaye naye hana? Petro aliwaambia wanawake wasitegemee mapambo ya dhahabu. Hakuwatisha kwa kufiwa, wala hakutuma mtu na tupa. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo, kisha wakafungua Maandiko kila siku waone kama ni kweli, na wakasifiwa. Zachariah wako ni mkubwa kuliko Paulo? Kanisa lililosimama juu ya Maandiko halimkemei anayeyafungua. Linalokutaka uogope kwanza ndipo uamini, likimbie.

Mama mkwe mheshimu, ila mwambie kwa adabu kwamba uhai wa Onchiri hauko mguuni pako. Ukizivua siku moja, iwe mmekubaliana wewe na mumeo. Mwandikie. Jumapili usiende Birongo, na tupa ikija kwako, mwite shemeji yako asimame mlangoni.

Kuna jambo kubwa kuliko hayo. Barua ya vita hukaa njiani miezi. Iliyofika wiki ya pili iliandikwa zamani, na utaona tarehe humo: mume wa Nyanchera alikuwa amekwisha kufa kabla tupa haijamgusa mkewe. Kabla hujamjibu mhubiri yeyote, nenda kwa Nyanchera, iombe barua hiyo, umsomee tarehe polepole, mara mbili. Mama huyo anakaa na njaa akiamini amemuua mumewe, na mwenye kusoma hapo ni wewe.