Kaye ya Mateso Uliyozikwa Nayo

Baba Feza,

Toa ile kiburi, uko chini ya udongo sasa. Korali yako walikuwa wanasema maestro amekufa, basi Mateso ya Bwana, wimbo wetu wa Ijumaa Kuu, nayo yamekufa. Ungefurahi kusikia hivyo. Sikukupatia hiyo furaha.

Siku ya kukuzika, Feza alisema: «Mama, tumuwekee Baba kitu alichokuwa anapenda.» Nikaangalia nyumba yote. Mimi singeenea mu sanduku, na tena haukunipenda sawa ile kaye, daftari yako ya noti za kuimba Mateso. Nikaiweka chini ya mikono yako. Nilijua iko moja tu. Miaka yote ulikataza mutu kuiandika upya, eti wataharibu. Nilijua, nikaiweka. Siombi musamaha.

Kwaresima ikaingia. Padri akatuma watu: kaye iko wapi? Nikawaonyesha makaburi. Ungeona sura zao! Tenor wako, yule uliyekuwa unamusifu kila siku, alilia sawa mutoto anayenyonya. Ile Mateso Wazungu wa zamani waliitunga ya masaa mawili. Hawa wako walibakiwa na vipande vipande mu kichwa, kila mutu na cha sauti yake, tena nusu.

Nikawaambia: ikaeni chini, nitawafundisha.

Walicheka. Ni weye uliwazoesha. Siku nilipoomba kuingia alto, ulisema mbele yao wote: «Mama Feza, hapa si sokoni, hapa tunasoma noti.» Mimi niliyeishia darasa la pili. Nikarudi kwangu ndani. Lakini repetisyo, mazoezi ya korali, ulifanyia wapi? Ku baraza yetu! Jumatatu soprano, Jumanne alto, hivyo mupaka Alhamisi, na mimi nyuma ya mulango nachagua maharagi. Miaka kumi na minane. Sauti zote ine ziliniingia. Hata pale bas walikuwa wanachelewa nilisikia, na weye haukusikia, sababu masikio yako yalishaanza kufa na uliona haya kusema.

Ningesema, wangekucheka. Basi nikawaimbia sauti zote ine, moja moja, wakaacha kucheka, wakajifunza.

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa mupaka inje. Hata jirani zetu Waislamu walisimama ku madirisha. Mimi nilisimama mbele, na kitambaa cheusi cha matanga yako kichwani. Pale watu wanapiga kelele «Asulubiwe!», nilifikiria sura yako, nikawaonyesha kwa mukono: nguvu zaidi! Walisikika mupaka sokoni. Na bas waliingia kwa wakati. Kwa wakati, unasikia?

Mwisho, pale Bwana anawekwa kaburini na wanaimba polepole, nilingojea ukohoe. Kila mwaka ulikohoa pale pale, ukaharibu. Hakuna mutu aliyekohoa. Nilikosea mukono mara moja tu, na hakuna aliyejua. Sikulia.

Viatu vyako nilimupa mupasuaji kuni. Vinamubana, lakini anavaa.

Sasa watu wa Kabambare wanatuita. Nitapanda pikipiki na magoti yangu haya ya uzee, nikaimbishe huko, na hata kule Salamabila kama wanataka. Jioni mimi naimba, Feza anaandika, na kila mwanakorali atapata kaye yake mwenyewe. Nitakuja kulala kando yako, niliahidi mbele ya padri na sivunji neno. Lakini usiniite tena mu ndoto sawa juzi. Nina kazi. Jisogeze kidogo, unyamaze, ungoje.

Mama Feza