Niliifumua Meza ya Mkwe Wangu kwa Siri

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie, maana niliyoyafanya siwezi kumwambia mtu yeyote hapa mtaani. Mimi ni fundi seremala, naelekea miaka arobaini kazini, na binti yangu ameolewa na kinyozi, kijana mpole, sina neno naye, isipokuwa mwezi uliopita alijitia useremala akawatengenezea mapacha wake wa miaka mitatu meza ndogo ya kulia na kuchorea, na mimi nilipoiona nikashika kichwa, maana miguu aliipigilia misumari miwili miwili tu, ukiigusa inatikisika, na kwa wale wajukuu zangu meza ni kitu cha kupanda na kuchezea dansi.

Sasa mkwe si mtu wa kumkaripia kama mwanafunzi wa karakana, kwa hiyo asubuhi moja wazazi wakiwa kazini nikamdanganya yaya kwamba naenda kuipaka vanishi, nikaibeba, nikaifumua, nikaiunga upya kwa gundi na skrubu, nikapitisha mbao za kushikanisha miguu kwa ndani, chini ya ubao wa juu, pasipoonekana mpaka uigeuze, na kabla ya saa sita nikawa nimeirudisha. Wee! Tangu siku hiyo mkwe hanyamazi. Kila anayeketi kunyolewa lazima asimuliwe jinsi mapacha wanavyoirukia ile meza na haitikisiki, mpaka mwalimu mmoja wa chekechea akamwagiza meza sita za darasa lake, na mbao ameshanunua. Juzi alikuja kuazima nyundo, nikajitolea kumsaidia, akanijibu kwa adabu zake zote, “Baba, nipe nyundo tu. Ufundi ninao.”

Nikisema, nimemvua nguo mkwe wangu na binti yangu hatanisamehe. Nikinyamaza, watoto wa watu wataumia. Nimefikia hadi kumuuliza mlinzi wa shule kama Jumapili huwa kuna mtu mle darasani. Nifanyeje?

Babu Randa

Shikamoo, Babu Randa. Niwie radhi, nimecheka kwanza ndipo nikaandika.

Unasema unamheshimu mkwe. Heshima hiyo haikukuzuia kumwibia meza mchana kweupe, imekuja kukuzuia kufungua mdomo tu? Na sema kweli, mzee wangu, kazi yako ikisifiwa pale kwa kinyozi huoni raha kidogo? Najua ulifanya kwa mapenzi, na wajukuu wako ni wazima kwa sababu yako. Lakini wewe ndiye uliyemfanya kijana wa watu ajione fundi, kwa hiyo hizo meza sita ni zako pia.

Achana na mlinzi wa shule. Mwambie mkwe aje karakana na ile meza, mkiwa wawili tu, mbali na mkewe na wateja wake. Anza kwa kumwomba radhi kwamba uligusa kazi yake bila kumuuliza, kisha igeuzeni miguu juu, umwonyeshe kila skrubu. Atanuna, mwache anune. Akimaliza, hizo sita mzitengeneze pamoja: wewe pima na ukate, yeye aunge mbele ya macho yako, na kona zote azipige msasa mwenyewe, maana anayepitisha wembe kichwani mwa mtu bila kukwaruza hashindwi na kona ya meza. Kila moja ikiisha, ikalieni nyote wawili. Ikilia, haiendi shuleni.

Aibu ya mkwe itapoa baada ya siku tatu. Lakini meza ikimwangukia mtoto wa chekechea, katika watu wote hao ni wewe peke yako uliyekuwa unajua. Mwite leo, kabla hajakata mbao.