Saa ya Sufiani na Raundi ya Shamimu

Mpendwa Shangazi Nesta,

Naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana jambo hili nimelibeba miezi minne na sasa limenielemea. Naitwa Anania, fundi pikipiki hapa Tunduma, na tangu mwaka 1998 mimi ndiye ninayepima muda kwenye mbio zetu pale kiwanja cha zamani cha mnada, njia ya Ndalambo, mbio za kujifurahisha tu, kila mtu anazunguka raundi zake peke yake na mimi nimesimama mstarini na saa ya kubonyeza, ile aliyoniletea rafiki yangu Sufiani, dereva wa malori, akirudi safari ya Lubumbashi.

Shangazi, siku zile zilikuwa tamu, acha tu. Pikipiki tatu kwa watu kumi, tunapokezana, vumbi mpaka kwenye nyusi, mke wangu Fausta amekalia kreti la soda anaandika muda kwenye daftari, na mwaka 2003 Sufiani akazunguka kwa dakika moja na sekunde kumi na mbili, tukaiandika kwa rangi kwenye mlango wa bati wa banda la mnada, naye akasema, "Atakayenipita nitampikia pilau kwa mkono wangu." Alifariki mwaka 2009, homa ya siku chache, na pilau hiyo hakuna aliyeila.

Sasa kuna binti yake, Shamimu, ana miaka ishirini na miwili na anaendesha pikipiki ileile ya baba yake. Mwezi wa tano mwaka huu alizunguka, nikabonyeza, nikaangalia saa: dakika moja, sekunde kumi na moja. Nikatangaza kumi na tatu, Fausta akaandika kumi na tatu, maana niliona nikisema kweli ni kama namzika Sufiani mara ya pili. Binti akaniuliza, "Baba mdogo, una hakika?" Nikamwambia ninayo. Akavua kofia akasukuma pikipiki pembeni, na tangu siku hiyo anakuja kwa nadra.

Vijana wamechoka na saa yangu, wamenipa kazi ya kuchagua kifaa kingine cha kupimia, cha bei nafuu. Yassir, mmoja wao, alijaribu kupima kwa saa ya simu yake, aliangalia akianza na akimaliza, lakini sisi tupo mpakani, katikati ya raundi simu ikadaka mtandao wa Zambia ikajirudisha saa nzima nyuma, ikaonekana amefika kabla hajaondoka, tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu kuna Clever wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anauza kiboksi cha kufunga kwenye usukani, kinasoma setilaiti na kuhifadhi muda wa kila raundi na mwendo wa kila kona. "Mukwai," aliniambia kwa heshima ya kwao, "hiki hakimpendelei mtu," na hapo ndipo nilipoanza kukiogopa, kwa sababu Shamimu akizunguka nacho mara moja tu nimeumbuka. Jumamosi vijana wanataka jibu langu, nami nimeshawishika kuwaambia tubaki na simu. Nishauri.

Anania, Tunduma

JIBU

Anania,

Pole kwa rafiki yako. Barua yako imenifanya nimkumbuke mtu nisiyewahi kumwona. Lakini wewe ni mzee mzima na unatafuta kifaa kibovu ili kikufichie uongo, na katika hilo sitakusaidia.

Tumalize la kifaa kwanza. Saa ya simu achaneni nayo, Yassir ameshawaonyesha. Zipo programu za simu zinazopima raundi kwa setilaiti, na kwa anayeanza zinatosha, ila simu nyingi husoma mara moja tu kwa sekunde, na ninyi mnagombania sekunde moja. Chukueni kiboksi. Muulize Clever kinasoma mara ngapi kwa sekunde. Akisema kumi, kinawafaa. Muulize kama chaji inadumu alasiri nzima na kama kumbukumbu zake zinahamishika kwenye kompyuta. Usikilipie kabla hujakizungusha raundi tano huku wewe umesimama mstarini na saa ya Sufiani ukilinganisha. Kimoja kinatosha, mpokezane kama mlivyopokezana pikipiki.

Sasa la binti. Usingoje kiboksi kimwambie. Nenda kwao kabla ya Jumamosi, ukae, useme mwenyewe ulichokiona kwenye ile saa. Atakasirika, na ana haki. Hukumlinda Sufiani hata kidogo. Ulimnyima furaha ambayo baba yeyote angeitaka, ya kupitwa na mwanawe kwenye pikipiki yake mwenyewe. Kisha fungua daftari, sahihisha ile kumi na tatu mbele ya wote. Namba ya baba mlangoni iache. Ya Shamimu iandike juu yake, kwa rangi ileile kama bado mnayo.

Na Fausta asikusaidie kwenye hili la mwisho. Nunua mchele na nyama, upike ile pilau kwa mkono wako. Imechelewa miezi minne, na aliyeiahidi hawezi tena kuipika.

Shangazi Nesta