Pasi ya Mama

Beni, 2001

Yaya Bénite, dada yangu mukubwa,

Mama iko muzima kule Butembo, na mudogo yetu Débora amezaa binti. Mama alinipa ile pasi yake ya makaa nikutumie Kampala, juu unasema ya umeme hainyooshi kitenge muzuri.

Yaya, ile pasi kidogo tu iniue! Nilitoka Butembo peke yangu mu ndege yangu, mawingu ikafunika ndege, hata bawa sikuiona. Kazi ikabaki moja: kushika njia sawa, macho kwa vyombo. Ndege ikatikisika, nikaweka pasi mbele yangu, karibu na boussole, ile dira ya sindano, isianguke. Mara sindano ya boussole ikageuka. Gyro, chombo ingine ya kuonyesha njia, ambayo chuma haiwezi kuidanganya, ikabaki palepale. Nifuate gani? Nikaanza kufuata sindano, donc nikaelekea milima ya Ruwenzori! Ndipo nikakumbuka pasi: chuma yake ilikuwa inavuta sindano. Nikaitupa nyuma ya kiti, sindano ikarudi, nikashuka Beni sawasawa.

Sasa sikia. Basoda, baaskari ba huku, banataka nibebe masanduku yao mu ndege. Nilikataa. Komanda wao akacheka polepole: «Mais Phinées, mawingu ya huku inapoteza sana marubani.»

Kesho narudi Butembo peke yangu, na dawa ya bagonjwa. Pasi nimeachia Henri, dereva wa lori, akuletee. Karibu na boussole hakuna tena chuma ya kuvuta sindano, iko sawa. Bakikuambia ati nilipotea mu mawingu, Yaya, usikubali.

Mudogo yako,
Phinées